Mama Vigae na Shimo Ambalo Hakukubali Lifukiwe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kigiriki cha kale, Kilatini na akiolojia katika chuo hiki, mhadhiri mwandamizi wa Idara ya Ustaarabu wa Kale anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Barua ya utumishi inamtaja kwa jina lake kamili. Wanafunzi, walinzi, wapishi na wakuu wa chuo wote waliopita wamemwita Mama Vigae, na humu tutamwita hivyo.

Jina hilo alilipata kwa haki. Chumba chake, namba saba mwisho wa korido ya chini, kimejaa maboksi ya viatu yenye vipande vya vyungu, sahani na vikombe vilivyovunjika. Kuna meza moja ndefu, gundi, miswaki ya kusafishia, na viti visivyolingana kimo. Mgeni huambiwa atazame kama kiti kina gundi kabla ya kukaa. Naibu mkuu wa taaluma, alipokuwa mgeni, hakutazama, na suruali yake ya kijivu haikuonekana tena chuoni.

Alikuja hapa kusoma sheria. Nafasi zilikuwa zimejaa, akawekwa kwenye ustaarabu wa kale kwa muda tu. Mama yake, mwalimu wa hesabu, aliuliza swali ambalo kila mzazi wa wanafunzi wetu ameliuliza: hao Wagiriki na Warumi watakuajiri lini? Binti akajibu kwamba wenyewe wamekwisha kufa, ila kazi waliyoiacha haijaisha. Nafasi ya sheria ilipopatikana muhula uliofuata, hakwenda kuichukua. Mama alinuna mwaka mzima, kisha akawa wa kwanza kumletea bintiye sahani zilizovunjika.

Chuo chetu kina utaratibu ambao haujaandikwa popote lakini kila mtu anaujua: mwalimu wa somo dogo akiondoka, somo humfuata mlangoni. Ndivyo lilivyokwenda somo la elimu ya nyota, na ndivyo lilivyokwenda la uchoraji wa ramani kwa mkono. Wanafunzi wa Ustaarabu wa Kale hawajawahi kujaza zaidi ya chumba kimoja. Mama Vigae alijua iko siku atastaafu. Alichohofia ni somo kustaafu pamoja naye.

Kule Kitivo cha Uhandisi walituita Idara ya Marehemu. Hakuchukia. Alisema marehemu wana sifa zao: hawachelewi kipindi, na hawaombi mtihani uahirishwe.

Lugha aliifundisha kwa mdomo kabla ya kalamu. Mwanafunzi akishatafsiri kipande cha utenzi wa Kigiriki, alitakiwa akamsimulie mtu asiyesoma somo hilo: shangazi, dereva wa jirani, mwenzake wa chumba. Msikilizaji akiuliza "halafu?", tafsiri imepita. Akisema "hongera sana", mwanafunzi arudi mezani. Kinyozi wa mkabala na lango la chuo alisimuliwa anguko la mji uleule mara nyingi mno, hata akaanza kuuliza "halafu?" kabla hadithi haijaanza, ili mteja atulize kichwa. Akafutwa kwenye orodha ya wasikilizaji.

Akiolojia aliifundisha kwa shimo. Kila likizo ndefu alichimba nyuma ya maktaba na kuzika vigae kwa matabaka: vyungu vya udongo chini, majivu na mchanga katikati, vikombe vya kisasa juu. Akalifukia, akapigilia vigingi kwenye pembe nne. Muhula ukianza, wanafunzi wa mwaka wa pili walilifukua kwa brashi na mwiko mdogo wa mwashi, wakapima, wakachora, kisha wakaeleza ni watu gani waliishi pale na kwa mfuatano upi. Wafanyakazi wote tulimchangia vilivyovunjika majumbani. Mumewe, fundi saa, ameishi miaka yote katika nyumba ambayo anayevunja sahani hafokewi, ila anayetupa vipande.

Mwaka ambao kamati ya chuo ilikuja kuamua kama idara ifungwe, shimo hilo ndilo lililotarajiwa kuiokoa. Kamati ingefika Jumatatu, ione wanafunzi kazini. Wiki iliyotangulia, Mama Vigae alikuwa msibani kwa mjomba wake. Mtunza bustani alikuwa ameng'oa vigingi ili afyeke nyasi, akavirudisha vizuri sana, vimenyooka kama askari kwenye gwaride, mahali pasipo penyewe.

Wanafunzi wakachimba kwa bidii. Wakakuta safu ya matofali yaliyoungua, majivu tele, sufuria moja na vijiko visivyo na idadi. Walikuwa wametoka kusoma juu ya dini ya Wagiriki, basi wakaona kila walichosoma. Matofali yakawa madhabahu. Majivu yakawa ya sadaka. Vijiko vikawa nadhiri za waumini. Waliandaa mchoro mkubwa wa rangi wenye neno HEKALU juu yake, na mmoja wao alikuwa tayari anabishana na wenzake ni hekalu la mungu yupi.

Mama Vigae alirudi Alhamisi. Akasimama ukingoni, akauliza ni nani aliyezika vijiko. Wakacheka, wakidhani anawatega. Akawaambia amezika mengi katika chuo hiki, ila vijiko vyake anavihitaji nyumbani. Akapima kutoka ukuta wa maktaba, akapima tena. Walikuwa wamefukua jiko la zamani la chuo, lililobomolewa kabla yeyote kati yetu hajaajiriwa.

Mkuu wa idara wa wakati huo, mtu mpole mwenye shinikizo la damu, alishauri lifukiwe mara moja na lile shimo halisi lifunguliwe kabla ya Jumatatu. Hofu yake ilikuwa na msingi. Idara inayofundisha kutafuta miji iliyopotea ilikuwa imepoteza shimo lake yenyewe, tena nyuma ya maktaba. "Dada, huu si wakati wa ukweli mrefu," alimwambia. "Basi tutausema kwa ufupi," Mama Vigae akamjibu. "Tukifukia hili, tutakuwa tumewafundisha kufukia."

Hakuwaambia wanafunzi ni jiko. Aliweka kila kitu mezani chumba namba saba na kuwataka waache kuuliza kitu hiki ni nini, waulize kilifanya kazi gani. Hekalu lilibomoka polepole Ijumaa na Jumamosi. Aliyekuwa akitetea mungu wake ndiye aliyekuwa wa mwisho kusalimu amri.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mhandisi, yuleyule aliyetutungia jina la Idara ya Marehemu. Alifika na viatu vilivyong'arishwa na uso wa mtu aliyekwisha amua. Msichana wa mwaka wa pili, ambaye darasani alisikika kwa nadra, akamwambia kwamba wiki iliyopita hapa palikuwa na hekalu, leo ni jiko, na akaeleza walikosea wapi, kuanzia vigingi. Mwenyekiti akauliza wamejuaje kuwa si hekalu.

"Sufuria imekwanguliwa ndani mpaka imechubuka, mzee," alisema. "Huo ni ukoko. Sadaka hakuna anayeikwangua."

Mkuu wa idara akafumba macho. Mwenyekiti akaitazama sufuria, akamtazama msichana, akauliza: "Halafu?" Sisi tuliojua mtihani wa Mama Vigae tuliangaliana. Dakika chache baadaye mwenyekiti alikuwa ndani ya shimo na viatu vyake, akibisha juu ya upande ambao moshi ulitokea.

Kamati haikuifunga idara, wala haikuipigia vigelegele. Ilisema iendelee, na wahandisi wa ujenzi wa mwaka wa kwanza waje nusu muhula kusoma kuta na mifereji ya maji ya Warumi. Wanaendelea kuja hadi leo, na jina la Idara ya Marehemu wanalitumia wao wenyewe, kwa kujisifu. Mtunza bustani hakulaumiwa. Alipewa nyasi afyeke, akazifyeka. Mama Vigae alinunua vigingi virefu zaidi.

Mengine tuyataje kwa haki. Ameandika kitabu cha sarufi ya Kigiriki cha kale kwa Kiswahili, kinachopitishwa mkono kwa mkono hadi kurasa zinalegea. Ametafsiri tanzia mbili zilizoigizwa katika ukumbi wa mikutano, na katika ile ya pili mhasibu wetu, aliyekuja kwa ajili ya vitafunwa, alilia waziwazi. Wanafunzi wake ni mawakili, walimu, wahifadhi wa makumbusho, na mmoja ni rubani. Ugiriki amefika mara moja tu. Siku hiyo makumbusho yalikuwa yamefungwa kwa mgomo, akarudi na picha ya mlango, na tangu hapo ameionyesha kila mwaka darasani bila aibu. Kasoro zake zinajulikana pia: alichelewa kurudisha insha, na projekta ilipogoma aliisemesha Kilatini, kwa maneno ambayo hakuwahi kuyatafsiri.

Mwaka jana ile hofu ya zamani ilirudi, maana safari hii ni kweli alikuwa anaondoka. Aliomba nafasi yake itangazwe kabla hajaondoka, si baada. Ofisi ya utumishi ilisema suala linashughulikiwa. Akaanza kwenda huko kila Jumatano na insha zake, akakaa kwenye benchi la nje akisahihisha na kumsalimia kwa heshima kila aliyepita. Ofisa utumishi anasema hajawahi kubanwa na mtu mpole kiasi kile. Tangazo lilitoka mwezi Novemba.

Mwalimu mpya amepatikana, kijana aliyesoma kwingine. Anaamini lugha ianze na majedwali ya vitenzi na kwamba vinyozi waachiwe nywele. Yeye na Mama Vigae walijifungia chumba namba saba alasiri nzima, na mabishano yalisikika hadi chumba cha fotokopi. Mama Vigae alipotoka, alimwambia mkuu wa idara: "Ana makosa mengi, lakini ni ya kwake mwenyewe. Mwacheni." Chuo kilimwomba abaki mwaka mmoja kwa mkataba ili amshike mkono. Akakataa. Alisema hakuna anayepika kwa raha huku mwenye jiko wa jana amesimama mlangoni.

Ratiba ya muhula ujao imekwisha bandikwa. Kigiriki cha kale kipo, Jumatatu saa mbili asubuhi, na mbele yake pameandikwa jina la mwalimu mwingine. Mama Vigae aliisoma akiwa amesimama, miwani mkononi, kisha akaenda kunywa chai.

Mama, asante kwa kazi. Tunakuombea afya, siku zisizo na haraka, na usingizi mnono wa Jumatatu asubuhi, wakati mwenzako anaita majina darasani.