Viti Vitupu kwa Mtaliano

Kijiwe chetu ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la rangi, na ng'ambo ya barabara kuna mgahawa wa Mtaliano wa vyakula vya baharini. Mbele yake ni kioo kitupu toka juu mpaka chini, kwa hiyo sisi tunawaona wanaokula, na wao hawana haja ya kutuona. Tunajua nani kamwaga mchuzi, nani kanuniwa na mkewe, nani anazungusha tambi kwenye uma kama anajaza uzi kwenye bobini. Jioni ile tulikuwa watatu: Spika, mpaka rangi, ambaye akilishika neno halimtoki, Daktari, anayetengeneza simu na hajawahi kuona mgonjwa, na mimi, mshona nguo, wananiita Sindano. Dada wa kahawa alikaa pembeni na birika lake. Mwenzetu wa nne, Fundi Saa, alikuwa ndani ya kile kioo. Amevaa koti, kakaa meza ya dirishani yenye viti vinne, peke yake, na kikapu cha mkate mbele yake hakigusi.

SPIKA: Oneni! Kautazama mlango tena. Huyo anangoja mwanamke.

DAKTARI: Mwanamke gani? Tangu mkewe afariki, hata kumchekea dada wa kahawa anaona dhambi.

DADA WA KAHAWA: Na mimi sijamwomba anichekee.

SPIKA: Ndio wenyewe hao. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

DAKTARI: Mwanamke mmoja, viti vitatu?

SPIKA: Anakuja na mama yake na shangazi yake. Hiyo posa, bwana.

DAKTARI: Posa wapi! Hao wanunuzi. Anauza kibanda chake cha saa, na matajiri hawauziani kitu mpaka wamekula kome kwanza.

SPIKA: Kome ndio nini?

DAKTARI: Hao weusi wenye makombe. Unawabandua mmojammoja, kama mfuniko wa betri, ndani unakuta kitu kama sikio.

SPIKA: Ndiyo hapo, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mhudumu alimwendea na menyu. Fundi Saa akatikisa kichwa, akaonyesha vile viti, akatabasamu. Mhudumu akarudi na menyu yake kwapani. Mimi nikaweka kikombe chini.

MIMI: Hivi jana alisema nini vile, wakati anaondoka?

DAKTARI: Si maneno yake tu.

DADA WA KAHAWA: Maneno yapi? Alisema, "Kesho jioni karibuni pale kwa Mtaliano tule pamoja, maana keshokutwa nahamia kwa binti yangu." Nilikuwepo hapahapa. Na wewe Spika ukamwambia mtakuja na suti.

Kumbe wale wageni ni sisi. Lakini msituhukumu kabla hamjakijua kijiwe chetu. Pale kualikana ni namna ya kuagana. Mtu hainuki akaondoka hivihivi, lazima aache ahadi nono, na wanaobaki lazima waitie chumvi. Spika kila wiki anatualika harusini kwake na mchumba hana. Daktari kila mwezi anahamia ughaibuni. Mimi suti nilizowaahidi zingejaza kontena. Fundi Saa peke yake hakuwahi kuahidi kitu. Alikuja, akakaa, akasikiliza mikono ikiwa magotini. Jana ndiyo mara ya kwanza amefungua kinywa kualika, na sisi tukampigia makofi kwamba hatimaye amehitimu.

SPIKA: Alitania.

DAKTARI: Na lile koti nalo linatania?

SPIKA: Angesisitiza basi! Mtu mwenye nia husisitiza.

DADA WA KAHAWA: Alisisitiza. Mlikuwa mnacheka.

SPIKA: Dada, mimina kahawa. Jamani, wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa dhiki! Hawakusema kwa shibe. Mwenzetu leo ana mkate, ana mshumaa, ana kitambaa cha meza. Dhiki iko wapi hapo? Sisi tunamngoja kwenye dhiki.

DAKTARI: Halafu chakula chenyewe. Nasikia chaza, hao wa lulu, wanaliwa wazima. Ukimmeza vibaya anajifungulia tumboni, utamtoa na nini?

SPIKA: Na ngisi ana wino. Anakutia sahihi shati zima.

DAKTARI: Kamba je?

SPIKA: Hao wana adabu. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo maana wote wanaletwa mezani wamejikunja.

DAKTARI: Halafu zile uma nyingi, naona wamezipanga kama vifaa vya upasuaji. Ukianza na isiyo yake, mpishi anatoka jikoni na kisu kukuuliza umetumwa na nani.

SPIKA: Na mlango unafungwa kwa ndani mpaka umalize sahani. Kuna jamaa aliingia kijana, akatoka na mvi.

Tulicheka. Lakini kicheko kilikaa vibaya, kwa sababu mwenye kukimalizia hakuwepo. Fundi Saa hucheka wa mwisho, polepole, sisi tukishanyamaza, na hapo ndipo tunajua mzaha umeiva.

MIMI: Twendeni basi.

DAKTARI: Na kandambili hizi?

MIMI: Na kandambili hizi.

SPIKA: Tukamwambie nini, Sindano? Kwamba muda wote huu tulikuwa tunamtazama, tunabishana anamngoja nani?

DAKTARI: Heri yeye hatuoni. Ndani kuna taa, huku kunaingia giza.

SPIKA: Eeh, hatuoni. Haraka haraka haina baraka.

Nilikuwa nimeshasimama nusu. Nikakaa. Haikuwa kandambili wala uma. Niliogopa kukaa uso kwa uso na yule mtu pasipo utani, aniambie kweli anaondoka, nami nikose la kumjibu. Tangu amzike mkewe hatujamwuliza hata mara moja jioni anakula na nani. Tulimsogezea nafasi kwenye benchi, tukaona tumemaliza.

Mgahawa ukaanza kujaa. Watu walisimama mlangoni wakinyoosha shingo. Tukamwona mhudumu anainama kwa Fundi Saa, wanazungumza kidogo, kisha yule mhudumu akatoka nje, akavuka barabara na aproni yake, akaja moja kwa moja mpaka kwetu.

MHUDUMU: Habari za jioni, kaka zangu.

SPIKA: Njema, dada. Tumekosea nini?

MHUDUMU: Hamjakosea. Ndani pamejaa, nimemwomba yule baba wa dirishani viti vyake. Kasema yeye hajui, nije niwaulize ninyi. Niviondoe?

Spika akachungulia kikombe chake cha kahawa. Daktari akageuza simu ya mteja upande huu na upande ule. Dada wa kahawa alitutazama mmojammoja, akaishia kwangu. Mimi nikatazama chini.

MHUDUMU: Haya, kaka zangu. Wateja wananingoja.

Akavuka. Kupitia kile kioo tukamwona anabeba kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, anavipitisha juu ya vichwa vya watu. Fundi Saa alisogeza glasi yake ampishe. Kisha akaletewa sahani, moja, ya samaki mzima na kipande cha limau. Hakuanza kula. Alitugeukia sisi kabisa, akainua mkono, akatupungia kama mtu aliyeko garini anavyowapungia waliomsindikiza.

Nasi watatu, tumekaa palepale benchini, tukampungia.