Verlie Stidham na Wimbo Alioambiwa Aushikilie

Marehemu Verlie Stidham alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika Bonde la Stillhouse, wilaya ya Letcher, hapa hapa Kentucky, akiwa mtoto wa tano wa mchimba makaa ya mawe Esker Caudill na mkewe Nola. Wanne waliomtangulia walizaliwa wakilia. Huyu, mama yake aliapa mpaka mwisho, alizaliwa akiimba.

Shule aliiacha darasa la kumi. Alikuwa ametunga beti nne kuhusu nywele za bandia za mkuu wa shule. Mwalimu alizisoma, akacheka mpaka machozi, kisha akamchapa.

Tarehe 3 Juni 1972 alifunga ndoa na Harlan Stidham, dereva wa lori la makaa, asiyejua kuimba hata kidogo. Mungu aliwajalia binti mmoja, Twyla.

Mwaka 1979 walihamia Nashville. Verlie aliosha vyombo mchana, akaimba kwenye baa jioni, akatunga nyimbo za kantri jikoni. Mwaka 1986 alitunga "Buti Mlangoni", kuhusu baba yake, ambaye mgodi ulimmeza, buti zake za kanisani zikabaki mlangoni. Mtayarishaji mmoja, Bwana Pruitt, aliusikia akasema, "Nishikilie huo."

Kule, ukiambiwa hivyo, wimbo humpi mwingine mpaka aliyekuambia aurekodi au akuachie. Hakuna karatasi, ni mdomo tu. Watunzi wenzake wakiambiwa vile waliitikia vizuri, kisha wakaupeleka wimbo wao uleule mlango wa pili. Verlie alikuwa mtu wa Stillhouse. Aliushikilia kiasi kwamba hata yeye mwenyewe hakuuimba mbele za watu.

Kila mwezi aliipigia simu ofisi ya Pruitt. "Bado tunaupenda, mama. Vuta subira kidogo."

"Mke wangu," Harlan alimwambia, "kuku angeatamia hivi, angekuwa na vitukuu."

Waimbaji wawili wakubwa waliuomba. Aliwakatalia. Mmoja wao alichukua wimbo wa mtu mwingine, akajaza viwanja. Siku alipomwona kwenye televisheni, Verlie alimenya viazi kwa hasira mpaka vikabaki kama karanga.

Mwaka 1999 Bwana Pruitt alifariki. Verlie alipeleka maua, akarudi amenuna. "Kaondoka bila kuniachia."

Walirudi bondeni mwaka 2001. Alipika jikoni mwa shule miaka kumi na minne, na Jumamosi aliimba kwenye ukumbi wa zimamoto. Watu walimwomba ule wimbo kila wiki, maana Harlan alishautangaza wilaya nzima. Aliwaimbia mwingine.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua. Kufikia Januari 2024 alikuwa akipumua kwa mtungi wa oksijeni, na ile sauti ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo Harlan alipochoka.

"Uimbe, Verlie."

"Pruitt hajaniachia."

"Mwanamke wewe! Mtu yuko chini ya udongo miaka ishirini na tano! Unataka aje abishe hodi?"

Verlie alicheka mpaka muuguzi wake wa nyumbani akaja mbio. Kisha akalia, mara ya kwanza Harlan kumwona akilia kwa sababu ya muziki.

"Nilikuwa na sauti, Harlan. Nilikuwa nayo kabisa."

"Najua. Imba na hiyo iliyobaki."

Aliuimba mstari kwa mstari, kila mstari pumzi moja, Twyla ameshika simu akirekodi. Iliwachukua siku tatu. Tarehe 17 Februari 2024, asubuhi, nyumbani kwake, alifariki akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, Corbin na Shelby, na dada yake Opal.

Jeneza likishuka, mtausikia ule wimbo. Sauti imekwaruza, na katikati mtasikia mtungi ukipuliza. Hatukuukata. Bwana Pruitt akiwa na neno, wako jirani sasa, wamalizane huko huko.

Pumzika, Verlie. Umengoja vya kutosha.