Tumu Shehe, Aliyewarudisha Wenziwe kutoka Majabalini

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, kuanzia Jego kule kusini hadi Samburu kwenye barabara kuu. Aliye jikoni na apunguze moto kidogo. Aliye shambani na atafute kivuli akae. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Msambweni, Tumu Shehe. Alifariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, binti yake na wajukuu wakiwa ubavuni pake. Ninarudia kwa wale ambao redio zao zinakoroma: Tumu Shehe, wa Msambweni, mshonaji wa nguo.

Wengi wenu mlimjua kwa jina jingine. Mlimwita Bi Rudini. Miaka ya karibuni watu walimwita hivyo kwa mapenzi, lakini jina lenyewe halikuanza kwa mapenzi. Lilianza kwa kejeli, mwaka wa 1964, na lilimuuma. Tutaona kwa nini.

Wakati huo Tumu alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenye binti mmoja aitwaye Waridi. Cherehani yake ilikaa barazani, na kila aliyeleta leso kupindwa alikaa pia. Hapo ndipo palipozaliwa kikundi chao cha kina mama. Uhuru ulikuwa umepatikana miezi michache tu nyuma, na watu walikuwa na hamu ya kufanya mambo, hata kama hawakujua ni mambo gani. Kila baraza lilikuwa na shauri lake.

Siku moja akaja Bi Kache. Huyu Bi Kache alikuwa mwanamke mkongwe kutoka bara kavu, upande wa wafugaji, na mwanawe aitwaye Kenga ndiye aliyemtunza. Alileta leso moja. Alipokuwa akisubiri, akaanza kusimulia juu ya Mwakindi. Mwakindi ni pale alipozaliwa, ng'ambo ya msitu, nyuma ya majabali. Enzi ya mkoloni watu wake waliambiwa wahame, msitu una mwenyewe. Wakahama na mbuzi wao na vyungu vyao. Bi Kache alikuwa msichana, hajaolewa. Tangu siku hiyo hakupaona tena kwao.

"Sasa bendera ni yetu," akamwambia Tumu. "Askari wa msitu ni kijana wa hapa hapa, na amesema anayetaka kupita na apite. Mimi nataka kwenda kwetu. Siendi kukaa. Nataka kuona tu, kisha nirudi nife kwa raha."

Tumu akaacha kukanyaga cherehani. Akamtazama yule bibi, miguu yake iliyopinda, vidole vilivyochakaa kwa kazi. Kisha akasema, "Tutakwenda, mama. Tutakwenda sote, na tutarudi siku hiyo hiyo."

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo ni mepesi kutamka. Kuyatimiza ni jambo jingine. Tumu hakuwa mtu wa kuropoka, basi akaanza kupanga. Ijumaa haifai, kuna swala. Jumapili haifai, kuna wenzao wanaokwenda kanisani. Wakachagua Jumamosi. Wangelala kwa Kenga, ambaye boma lake lilikuwa ukingoni mwa msitu, ili waamke na kuondoka baada ya swala ya alfajiri. Kila mmoja angebeba maji yake kwenye kibuyu. Chakula kingekuwa mihogo ya kuchemsha na mahamri, maana havimwagiki. Hakuna kuvaa buibui refu la kukokota miibani. Hakuna kwenda peku, hata kama mtu amezoea.

Ubishi ukazuka kwenye jambo moja tu. Atakayetangulia ni nani?

Mbodze, aliyekuwa mdogo kuliko wote kikundini, ndiye aliyesema kwanza. Bi Mbodze yu hai, na wiki hii alizungumza nasi huku akicheka na kufuta machozi. "Nilisema tutangulie sisi wenye miguu, Bi Kache aje nyuma na mtu wa kumshika mkono. Tumu akaniuliza, 'Na wewe ukifika mbele utamngoja?' Nikasema ndiyo. Akaniambia, 'Utamngoja umepumzika, na yeye akifika utainuka muendelee. Sasa yeye atapumzika lini?'"

Basi ikaamuliwa kuwa Bi Kache atangulie, na mwendo wa wote uwe mwendo wake. Wapo walionung'unika. Tumu hakuwabembeleza.

Aliyebaki kukubali alikuwa Kenga. Walipofika bomani kwake alisimama mlangoni, akawazuia. "Mnajua ninyi majabali yale yalivyo?" akauliza. "Mama yangu akifia huko, nitawaambia nini watu? Kwamba nilimwachia mshonaji amtembeze?"

Kabla Tumu hajafungua kinywa, Bi Kache akasema kutoka ndani, "Kenga, ni mimi niliyekuzaa wewe. Si wewe uliyenizaa mimi. Ondoka mlangoni wageni wapite."

Kenga akaondoka mlangoni, lakini hakumtazama Tumu usoni. Alimwambia neno moja tu, polepole: "Mrudishe."

Asubuhi wakaingia msituni. Waridi alikuwa pamoja nao, msichana wa kuanza kubalehe, na anakumbuka kwamba kulikuwa na ubaridi, na majani makavu yalilia chini ya miguu kama karatasi. Bi Kache alikuwa mbele na fimbo yake. Kila walipovuka kijito alitaja jina lake. Kila mti mkubwa alikuwa na neno juu yake: huu walikuwa wakichuma dawa ya tumbo, ule nyuki walimuuma kaka yake. Waliokuwa wamenung'unika wakaacha kunung'unika. Wakaanza kusogea karibu ili wasikie.

Jua lilipopanda, wakafika chini ya majabali. Msitu unakwisha pale ghafla, na mawe yanainuka, meusi, mengine makubwa kama nyumba. Njia inapita katikati yake, nyembamba, upande mmoja ukuta na upande mmoja korongo. Juu kuna mgongo. Ukiufikia mgongo, unaiona Mwakindi chini yako. Wakaanza kupanda, wakishikana, wakisaidiana. Walipanda vizuri. Walikuwa wamekaribia kabisa mgongo mvua ilipoanza.

Haikuwa mvua kubwa. Lilikuwa rasharasha tu, la msimu ambao bado haujaiva. Lakini lile jiwe jeusi lina ukoga mwembamba usioonekana, na likipata maji huwa kama limepakwa mafuta. Mbodze aliteleza. Akaanguka kwa goti, akashika mzizi, akainuka akicheka. Tumu hakucheka. Alimwona Bi Kache ameweka fimbo yake juu ya jiwe, na fimbo ikateleza, na bibi akayumba, akajishika.

"Turudi," Tumu akasema.

"Turudi wapi?" Mbodze akauliza. "Mgongo ule pale! Ninauona!"

"Ninauona na mimi. Turudini."

Bi Kache akageuka taratibu, mvua ikimchuruzika usoni. "Tumu. Nimepangoja kwetu tangu sijaolewa. Ni hapo tu. Leo unanirudisha?"

"Ndiyo, mama. Ninakurudisha."

"Niache basi nitambae."

"Sikuachi."

Mvua ikasikika kwenye majani kule chini. Bi Kache akasema, "Hili utakwenda kulijibu kwa Mungu wako." Kisha akaanza kushuka. Walishuka kwa makalio, jiwe baada ya jiwe, hakuna aliyemsemesha Tumu.

Na sasa sikilizeni. Hata kabla hawajafika chini, mvua ilikatika. Jua likatoka, kali, la kiangazi. Walipogeuka kutazama, majabali yalikuwa yanafuka mvuke, na muda si muda yakawa makavu, kana kwamba mvua haikunyesha. Lakini jua lilikuwa limeshapinduka, na wangepanda tena usiku ungewakuta huko juu. Ikabidi warudi nyumbani hivyo hivyo.

Habari ikafika Msambweni kabla ya vumbi la miguu yao kutulia. Sokoni watu wakacheka. Umemsikia mshonaji? Amepeleka watu mlimani, wametiwa manyunyu kidogo akapiga kelele rudini, rudini! Hapo ndipo alipopata jina. Bi Rudini. Wengine waliacha kupeleka nguo kwake. Kikundi kikapungua. Na Bi Kache, ambaye kila akija Msambweni alipita barazani pale, sasa alipita upande wa pili wa barabara. Tumu alimwamkia, "Shikamoo, mama," na bibi hakuitikia. Ninyi wa pwani mnajua uzito wa salamu isiyoitikiwa na mkubwa wako.

Waridi anasimulia: "Mama hakulalamika. Lakini alikuwa anashona mshono mmoja, anaufumua, anaushona tena. Siku moja nikamuuliza, 'Mama, ulikosea?' Akaniambia, 'Sijui, mwanangu. Na sitajua kamwe. Kama tungepanda na tusianguke, ningekuwa nimekosea. Hatukupanda.' Nikamuuliza tena, 'Sasa kwa nini usiwaambie watu hivyo?' Akasema, 'Nitawaambia nini? Kwamba hakuna aliyekufa? Watu hawafi kila siku, na hakuna anayeshukuriwa.'"

Masika ikaja, masika ikaenda. Mihogo ikapandwa. Siku moja, ubaridi wa kipupwe ukiwa umeingia, mgeni alifika barazani. Alikuwa ni Kenga. Alivua kofia, akakataa kiti, akaketi kwenye mkeka.

"Nimekuja kukuomba," akasema. "Mpeleke mama tena."

Tumu akadhani hakusikia vizuri. "Wewe si ndiye uliyetukataza, kaka?"

"Niliwakataza, ndiyo. Mimi nilijua mtamwacha huko. Nilikaa bomani siku nzima nikijiandaa kuletewa maiti. Nikamwona anatoka msituni kwa miguu yake, amekasirika, ananitukana mimi, anakutukana wewe. Sijapata kufurahia matusi maishani mwangu kama siku ile." Akaizungusha kofia mkononi. "Sasa hacheki tena. Anakaa anatazama upande wa msitu. Nikisema nitampeleka mimi, najijua, nitamfuata njia yote nikimwambia keti, tulia, tusiende. Mpeleke wewe. Wewe nakuamini. Wewe unajua kurudi."

Tumu hakutaka kutoa ahadi nyingine nyepesi. Alimchukua Mbodze, wakaingia msituni wawili peke yao, mara moja, mara ya pili, wakiwauliza wakata kuni na warina asali, mpaka wakapata njia nyingine. Ilizunguka majabali yote kwa chini, ndani ya miti mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa ndefu, lakini haikuwa na jiwe la kupanda. Mtu wa mwendo wa Bi Kache angefika, angekaa kidogo, na angerudi kabla ya giza, ikiwa tu hakuna atakayepoteza wakati. Safari hii Tumu aliwaambia wenziwe kabla hawajatoka: wakati wa kugeuka ni adhuhuri, tumefika au hatujafika. Asiyekubali na abaki. Wengi walikubali. Wachache walibaki.

Asubuhi ya safari, Bi Kache alitoka nje na fimbo yake, akamtazama Tumu juu mpaka chini. "Haya, Bi Rudini," akasema. "Leo utanirudishia wapi?" Kenga akaangua kicheko. Halafu Tumu. Halafu bibi mwenyewe, akificha mdomo kwa leso.

Walifika Mwakindi jua likiwa bado halijafika utosini. Na Mwakindi, wasikilizaji wapendwa, hapakuwa na kitu. Vichaka tu. Hakuna jiko, hakuna kaburi lililoonekana, hakuna hata alama ya njia. Bi Kache alizunguka na fimbo yake, akapiga ardhi hapa, akapiga pale. "Nyumba ilikuwa hapa," akasema. Kisha, "Hapana. Labda ni pale." Watu wakakwepa macho yake. Tumu akafikiri, nimemleta kuonyeshwa kwamba hapana kitu.

Bi Kache akaketi kwenye nyasi, mahali popote tu. Akaomba muhogo, akala. Akaanza kutaja majina ya watu waliokuwa wakiishi pale: mama yake, baba yake, wajomba, mtoto wa jirani aliyekuwa kigugumizi, mwanamke aliyekuwa akiimba akitwanga. Aliwataja wote kama wametoka tu kuteka maji. Wale kina mama wakaketi kumzunguka. Hakuna aliyeangalia kivuli isipokuwa Tumu. Na kivuli kilipofika chini ya miguu yake, alisita. Waridi alimwona akisita. Lakini Bi Kache ndiye aliyenyoosha mkono.

"Niinue, mwanangu," akasema. "Twende zetu. Nimeshiba."

Bi Kache aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Tumu aliendelea kupanga matembezi ya msituni karibu kila mwaka, na wengi wenu mliokuwa wasichana wakati ule mlikwenda naye. Majabali yale hakuyapanda tena, na hakuwahi kuuona ule mgongo. Bi Mbodze aliupanda siku moja ya kiangazi na watoto wake, akarudi kumsimulia. Tumu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tu kama wote walirudi.

Maziko yake yalifanyika Jumatano, Msambweni. Walikuja Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na watu wa bara kavu. Kenga, ambaye sasa ni mzee sana, aliletwa na wajukuu zake, na Waridi anasema alikaa karibu na jeneza muda mrefu.

Kwako Waridi, kwa ndugu zako na watoto wako, sisi wa kipindi hiki tunakupa mkono wa tanzia. Mwenyezi Mungu amlaze Bi Tumu mahali pema, na awape ninyi subira.

Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjageukia shughuli zenu, kaeni kidogo na jambo hili. Kila mmoja wetu ana mtu aliyewahi kumwambia rudi. Mzazi, pengine, au rafiki, au jirani. Tukakasirika, tukanuna. Halafu hakuna kibaya kilichotokea, na kwa sababu hakikutokea, tukaona alituonea. Kama mtu huyo yu hai, mpitie leo. Kama hayupo, mwombee.