Ukweli Kuhusu Tairi la Nyuma

Sogeeni, wanangu, na wewe Evance zima hiyo redio, maana nikikata roho katikati ya tangazo la sabuni sitakusamehe. Agnesi, niinue kidogo, niwekee na mto wa pili, hapo hapo. Mama yenu namwona amekaa mlangoni anachambua mchele kana kwamba anayeondoka ni mgeni wa jirani. Najua kwa nini, na leo nanyi mtajua, kwa sababu nimeamua kusema mwenyewe kabla mtani wangu Mwinshehe hajanisemea.

Mwinshehe mnamfahamu. Yeye ni Msagara, sisi Wanyamwezi. Babu yenu aliposhuka Kimamba kuja kukata mkonge, aliwakuta watani wanamngoja kwa matusi. Na mtani ana haki yake msibani: atavaa koti langu, ataiga mwendo wangu na sauti yangu, atanitukana mbele ya padri, na hakuna wa kumzuia. Kila tukikutana hunigusa bega akasema, "Mtani, nakungoja kaburini." Watu wanacheka. Mimi sicheki, kwa sababu najua atakachoigiza.

Sikilizeni basi. Kabla ya enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, pikipiki za Kilosa zilikuwa za kuhesabu: ya padri, ya bwana shamba, ya bwana mifugo, na moja ya mzee wa Magole aliyeogopa kuipanda. Ruksa ilipokuja zikamiminika, mitumba ya kila rangi, na miiba yetu ikazipokea kwa pancha. Tairi la mbele halikuwa na neno. La nyuma ndilo lililonivunjia heshima. Kulitoa ilikuwa kazi, kulirudisha ilikuwa adhabu: mmoja ananyanyua tairi, wa pili anashikilia bushi, zile pete za chuma za pembeni, huku na huku, wa tatu anasukuma ekseli, kile chuma kinachopita katikati, na ekseli ikikaribia tu, bushi inadondoka mchangani, tunaanza upya, tena kwa kutukanana. Padri aliondoka siku moja kwa miguu, akasema afadhali atembee mpaka Kimamba kuliko kuendelea kusikia maneno yale.

Mama yenu alikuwa akikaanga vitumbua hapo kando ya banda langu la ufundi. Asubuhi moja ya mwaka themanini na saba alitutazama, wanaume watatu tunagombana na tairi moja, mpaka vitumbua vikamuungulia. Akainuka. Akaleta kuni iliyopasuka mshazari, nene huku, nyembamba kule, akaisukuma chini ya tairi, akalibingirisha juu yake taratibu mpaka tundu likatazamana na tundu. Grisi hatukuwa nayo wakati ule, basi akachukua ugali wa jana, akazipaka bushi, akazibandika mahali pake, nazo zikatulia kimya. Ekseli ikapita kwa kidole kimoja. Akajifuta mikono kwenye khanga, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Mwenye pikipiki alipokuja akauliza imekuwaje upesi hivi. Nikafungua mdomo niseme "mke wangu", ikatoka "mimi". Nawaambieni kweli, hata mimi nilishangaa. Lakini nilipoona anavyonitazama, nikaiacha ilivyo.

Watu walipouliza nimejifunzia wapi, nikasema Mikumi: pikipiki ya bwana nyama, yule wa wanyamapori, ilipata pancha mbugani, tembo akasimama hatua kumi akinitazama, na mimi, kwa utulivu, nikabuni ile kabari ya kuni. Hadithi hii mmeisikia tangu mnanyonya. Evance, umeisimulia mpaka kwa wakwe zako, na kwako tembo wamefika watatu.

Mikumi nilikwenda kweli, ila miaka miwili baadaye, na kabari ya mama yenu nilikuwa nayo kwenye begi. Mwinshehe alinisindikiza. Tairi nimekwisha kulitoa, bushi nimekwisha kuzipaka, ndipo tembo akatokea, na nadhani alifuata harufu ya ugali. Nilitimua mbio mpaka kwenye kalavati chini ya barabara kuu, nikaingia kichwa kwanza, nikakwama kiunoni. Huko nje namsikia anahema, nikajua ndiyo basi, nikapiga kelele kwa nguvu zote: "Bibiana, nisamehe, kabari ni yako!" Tembo alikula ugali, akaondoka na bushi moja. Mwinshehe ndiye aliyenivuta miguu nikatoka, naye alikuwa amesikia kila neno. Nikamwapisha asiseme maadamu niko hai. Akaniambia, "Ukiwa hai, hakuna tabu."

Ngojeni nipumue. Maji. Asante, Agnesi.

Aibu ya kalavati si kitu, wacha wacheke. Kinachoniuma ni mama yenu. Hakunilaumu hata mara moja. Alihamisha tu kikaango chake kwenda upande wa pili wa nyumba, na tangu siku hiyo hajakanyaga bandani. Wateja walikuja mpaka kutoka Dumila kuona kabari ya Fundi Yohana, akawapikia chai, akasimama na birika akinisikiliza ninavyojisifu. Nampenda mwanamke huyu, na nimemdhulumu kila siku, Jumapili ikiwemo.

Kwa hiyo shikeni maneno yangu. Shamba la Magole na mbuzi wote ni vya Evance. Usinune, mwanangu. Wewe ni mkulima hodari na fundi mbaya. Pikipiki ya bwana mifugo uliirudisha, bushi yake tukaikuta mfukoni mwako. Mambo ya kipaji cha ukoo wa baba yaache, ukoo wa baba ulikwama kwenye kalavati. Banda, spana zote na kabari ni vya Agnesi, na atakayesema mwanamke hapewi banda mwambieni limekuwa la mwanamke tangu siku ya ile kuni. Agnesi, ukilitoa tairi, inamisha pikipiki upande, usivutane nalo. Ukilirudisha, usikubali mtu anyanyue, libingirishe tu. Na siku hizi grisi iko kila duka, ugali uache, mbwa wa Magomeni yetu hapa Kilosa wamechoka kuzifukuza pikipiki zetu. Koti langu mpeni Mwinshehe moja kwa moja, asije akalichana kwa kugombea.

Mungu awalinde. Awape mikono myepesi na ndimi zinazosema kweli mapema kuliko ulimi wa baba yenu. Msigawanyike kwa ajili ya vitu. Mama Evance, nimekwisha. Nimesema yote. Umenisamehe?

Anasemaje? Agnesi, masikio yangu... Anasema uongo niliusema nje? Kwa watu? Na ukweli nausema ndani, nimefunga dirisha?

Ana haki. Mke wangu, una haki kabisa. Nani wako bandani saa hizi? Wacheza bao wote, na padri, na Mwinshehe? Hata padri. Haya. Nibebeni. Shikeni kitanda, Evance kichwani, Agnesi miguuni, pole pole mlangoni, mguu wa kitanda huo, angalieni mchele wa mama yenu. Jua hili. Muda mrefu sijaliona.

Nitueni hapa. Hapana, msinisaidie, nitasema mwenyewe. Wazee, shikamooni. Padri, tumsifu Yesu Kristo. Mtani, kaa chini, zamu yako bado. Jamani, ile namna ya kurudisha tairi la nyuma... siyo yangu. Ni ya Bibiana.

Nini? Hawasikii?

Bibiana, njoo usimame hapa karibu, wakuone. Nipe mkono. Nitarudia.

Ni ya huyu. Ni ya mke wangu.