Fundi Kwangua na Mwani wa Mwambani

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mdogo wa marehemu, nimepewa karatasi hii kwa sababu familia inasema nina mdomo, basi mnivumilie.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Kwangua, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, nyumba ya tatu kutoka sokoni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, ambako alifaulu hesabu na kushindwa kukaa kimya.

Tarehe 11 Januari 1979 aliajiriwa kwenye gati la boti za starehe, kazi yake ikiwa kukwangua uchafu ulioganda chini ya boti zilizotoka mbali na kuzipaka rangi upya, na kama mafundi wote wa pale, kila jioni alifagia alichokwangua na kukisukumia majini, akiamini cha baharini kinarudi baharini.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa sayansi, wakajaliwa mabinti wawili. Wifi alikuwa akiwapeleka wanafunzi mwambani kutazama mwani wetu wa kahawia, hadi Juni 2004 alipoukuta umebaki kiduchu, umefunikwa na mwani mwekundu asioujua, akauleta huo mwekundu nyumbani kwenye ndoo. Kaka aliuchungulia akautambua papo hapo, maana ndio aliokuwa akiukwangua kwenye boti miaka yote na kuusukumia majini. Siku hiyo hakugusa chakula, na anayejua kaka alivyopenda sahani ataelewa. Siku ya tatu akamweleza mkewe ukweli wote, pamoja na ile rangi ya sumu, ya kuzuia mwani usigande kwenye boti, aliyozoea kuiosha kutoka kwenye brashi zake na kuimwaga palepale gatini.

Tangu hapo alitandika turubai chini ya kila boti, akawasumbua wenzake mpaka nao wakatandika, na kila Jumamosi maji yakipwa aling'oa mwani mgeni kwa mkono, wifi akishika mdomo wa gunia na kumkosoa.

Aliugua mapafu kuanzia Januari 2023, akafariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, baada ya kumuuliza wifi kama mwani wa kahawia, uliokuwa ukirudi jiwe kwa jiwe pale mwambani, umefika jiwe la pili, naye akamjibu umefika, na jana nimekwenda kuhakikisha mwenyewe, umefika kweli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na mafundi wa gatini waliombeba leo.

Kaka, nilikucheka sana kwa kazi ile ya kung'oa mwani, na naona aibu kusema hivyo mbele za watu. Pumzika kwa amani. Jumamosi maji yatakupwa saa tatu, wifi atashika gunia, kung'oa nitang'oa mimi.