Norhalisah, Aliyekataa Kuiamini Diski

Tarehe 31 Oktoba, Bi Norhalisah binti Syamsuri anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Banjarmasin kwa miaka thelathini na mmoja. Ishirini na miwili alitunza kompyuta za benki ya damu. Tisa iliyobaki alipanga mafaili ya karatasi kwenye stoo ya nyuma ya jiko. Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi.

Alikuwa na tabia iliyotuchekesha. Kila mashine mpya ilipoletwa, aliichomoa waya wa umeme katikati ya kazi, makusudi, kisha akaiwasha na kuhesabu kilichopotea. Mafundi walishika vichwa.

"Acil, unaiua!" walilia. Sote tulimwita Acil, yaani shangazi.

"Heri niiue mimi leo," alijibu akitafuna kipande cha keki, "kuliko umeme uiue kesho, mgonjwa akiwa kitandani."

Ndivyo alivyogundua kwamba diski hudanganya. Ukiipa taarifa, hujibu papo hapo kuwa imeshaandika, kumbe bado imezishika kwenye kumbukumbu yake ya muda, iziandike baadaye kwa mpangilio inaoutaka. Umeme ukikatika hapo, zilizoshikwa hupotea na orodha ya mafaili huvurugika: jina la mgonjwa lipo, habari zake ni za mwezi uliopita. Acil akauzima mtindo huo kwenye diski zote. Kazi ikawa ya polepole, lakini kilichoandikwa kiliandikwa kweli.

Foleni dirishani zikarefuka. Mkurugenzi wa wakati ule, Bwana Hairullah, akamwita.

"Watu wanasimama saa nzima, Bi Norhalisah. Rudisha kasi."

"Nipe betri ya kuzishikilia diski umeme ukikatika, Mheshimiwa, nami nitairudisha siku hiyohiyo."

Betri haikuja. Acil alipokwenda Martapura kumzika kaka yake, mkurugenzi aliniamuru mimi, msaidizi wa Acil, nirudishe kasi. Nikairudisha. Foleni zikaisha, nikapongezwa.

Siku ya nne, adhuhuri, umeme ulikatika. Mashine zilipowaka, faili la Masniah, mshonaji wa miaka thelathini na minne aliyeongezewa damu kila mwezi, lilirudi bila onyo kuhusu damu ambayo mwili wake uliikataa. Vipimo vya siku ile havikuonyesha kitu. Onyo lilikuwa kwenye faili tu. Akatundikiwa damu jioni ileile. Siku ya tisa alifariki.

Acil alirudi kesho yake baada ya umeme kukatika. Kwa siku tatu alilinganisha kila faili na madaftari ya maabara, akakuta wagonjwa wengine kumi na wawili ambao maonyo yao yamefutika. Aliyarudisha moja moja kwa mkono. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepewa damu isiyomfaa.

Kamati ya uchunguzi iliandika: "Uzembe wa mtunza mfumo." Ilipouliza ni nani aliyerudisha kasi, mkurugenzi alinyamaza, nami nikatazama viatu vyangu. Acil alijua. Alinikuta koridoni akasema, "Una watoto wawili wadogo, Rusdi. Nimekuelewa. Ila usinisalimie kwa muda." Akabeba kikombe chake akaenda stoo.

Leo mwongozo wa hospitali unaagiza diski zote ziwekwe vilevile alivyoziweka yeye. Jina lake halimo. Alipoulizwa angependa zawadi gani ya kuagwa, aliomba ile ripoti isahihishwe. Akajibiwa kuwa jalada lilishafungwa.

Basi isomeke hapa: kasi ilirudishwa na mimi, Rusdiansyah, kwa amri ya mkurugenzi, Bi Norhalisah akiwa mazikoni. Ningeyasema haya mbele ya kamati, miaka tisa yake isingeishia stoo.

Asante, Acil, kwa watu kumi na wawili wasiojua kwamba uliwaokoa. Mungu akupe afya na siku nyingi za utulivu nyumbani kwako. Nami ukiniona njiani, usijilazimishe kunisalimia.