Bakuli la Kumuagia Fundi Bado

Leo, tarehe thelathini, Fundi Bado anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kukereza mabakuli ya mapambo katika karakana yetu. Uongozi umeniomba niandike kwa ufupi na kwa furaha. Ufupi nitajitahidi.

Aliajiriwa kufagia maranda. Inasemekana alishika mashine ya kukereza siku mwenye nayo alipougua jino, na mwenye nayo aliporudi siku ya nne akapewa ufagio. Jina la Bado tulimpa sisi, kwani ndilo jibu lake kwa kila kazi anayoonyeshwa. Unaweza kumpelekea bakuli la mpingo linalong'aa kama kioo. Atapitisha kidole gumba ndani yake, atafumba macho, na jibu unalijua.

Miaka tisa iliyopita hoteli moja iliagiza mabakuli mia mbili ya mpingo kwa miezi miwili. Magogo yalikuwa mabichi, naye akakataa kuyagusa. Meneja wa wakati huo akamwandikia barua ya onyo na kumhamishia stoo kupanga misumari. Sisi wengine, nikiwemo mimi, tukakereza kwa bidii. Mabakuli yalipendeza sana kwa wiki tatu. Kisha yakaanza kupasuka, mengine mbele ya wageni wa hoteli.

Meneja alishuka stoo mwenyewe kuuliza afanyeje. Fundi alimjibu kwa upole kwamba barua ya onyo aliipata na kuisoma, ila magogo hayakupewa nakala. Siku ileile alirudi kwenye mashine yake. Hakutucheka. Alituonyesha namna ya kupaka nta kwenye ncha za gogo na kusubiri likauke, jambo ambalo angetuonyesha mapema kama tungemuuliza. Hoteli ilisubiri zaidi ya mwaka, ikapata mabakuli yake. Barua ya onyo ingali kwenye faili.

Sasa, hapa kwetu mstaafu huagwa kwa bakuli, na ilibidi mtu amkerezee yeye. Wenzangu wote walipata udhuru: mgongo, macho, harusi ya shemeji. Nikabaki mimi, niliyekaa pembeni yake miaka kumi na sita bila kusifiwa hata mara moja. Nililikereza kwa siri, nikalificha kabatini. Kesho yake nililikuta na alama ya chaki ukingoni, pale palipokuwa panene. Nikarekebisha, nikalihamishia stoo. Chaki ikalifuata. Mara ya tano nililiacha mezani, kumpunguzia mzee matembezi. Chaki ilipokoma, nikalitia kwenye boksi la zawadi.

Jana asubuhi nilifungua boksi la zawadi, bakuli halimo. Nikapekua karakana nzima mpaka mkewe aliponipigia simu.

“Hivi hili bakuli kalikereza nani?” aliuliza. “Tangu juzi jioni analizungusha tu mikononi. Hata kula anasahau.”

Nilimwambia ni mtu mmoja tu wa kazini, nikakata simu haraka, nikalifunga boksi tupu kwa utepe.

Fundi, asante kwa kila kazi uliyotukatalia. Tunakuombea afya na miaka mingi ya kukaa tu bila kumkagua mtu. Na mgeni rasmi atakapokukabidhi lile boksi lenye utepe, tafadhali lipokee kwa mikono miwili, kana kwamba ni zito.